Shangazi na Mita ya Nyumba Nzima

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni mkunga mstaafu mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha na ulimi usio na breki. Umeme wa nyumba ile hupita kwenye mita moja, na wote huchanga sawa kwa sawa. Ukiisha mapema, kila mtu humtazama jirani kwa jicho la pembeni.

Mwaka jana umeme ulianza kuisha katikati ya mwezi. Lawama zikamwangukia mjane wa chumba cha mwisho, muuza barafu za juisi, kwa kuwa ndiye aliyeingiza friji mpya. Wapangaji wakamwendea shangazi: friji itoke, au mwenyewe atoke nayo. Kwa mjane yote mawili yalikuwa njaa tu, maana friji ile ndiyo iliyowalisha wanawe. Alijitetea kwamba ina karatasi ya nyota mlangoni, na nyota zikiwa nyingi umeme huliwa kidogo. Fundi viatu, mpangaji mkongwe, akamjibu kuwa nyota hazijawahi kulipia mtu umeme. Wengi wape, akasema.

Hapo ndipo ninapompendea shangazi. Mwingine angemtoa mnyonge apate usingizi. Yeye alisema hahukumu mtu kwa kelele, ataiuliza mita. Akaamuru kila kitu kichomolewe, kisha akaacha friji moja moja iwake peke yake kutwa nzima, asubuhi akisoma mita, jioni akisoma tena, miwani puani. Tulimcheka sana. Maziwa ya watu yalichacha, wala hakujali.

Friji ya mjane ilionja tu. Ya fundi viatu ilikula kiasi. Ikafika zamu ya friji ya shangazi mwenyewe, lile dude jeupe alilonunua enzi za ujana wake kazini, na mita ikaenda mbio. Mita iko ndani kwake. Hakuna mwingine aliyeiona. Angesema lolote, na nani angembishia mwenye nyumba?

Akawaita wote uani, akamsimamisha mjane kando yake.

"Nyani haoni kundule," alisema. "Mlaji ni mimi. Mpira wa mlango umekwisha, na mashine imezeeka, haipumziki. Mwanangu, nisamehe. Umesemwa kwa kosa langu."

Fundi viatu akatazama chini. Friji ikachomolewa siku ileile, na umeme ukaanza tena kufika mwisho wa mwezi. Nilimhimiza anunue nyingine. Alisema atanunua atakapoweza, na safari hii ataanza na nyota.

Bado hajaweza. Mjane amempa rafu ya juu kwenye friji yake. Kila asubuhi shangazi huvuka ua na kikombe mkononi, akapiga hodi kwa mpangaji wake kuomba maziwa. Mjane humwambia kila siku aingie tu, nyumba ni yake. Yeye husubiri nje mpaka akaribishwe.