Paka Aliyepokea cha Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, saa nne asubuhi ya Jumamosi, paka wetu Kadogo alianguka mlangoni pa jiko. Mate yalimtoka, miguu ikatetemeka, na mboni zake zilikuwa zimebana kama tundu la sindano. Nazikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Tuliishi kijijini Ipole, na ulikuwa msimu wa vitalu vya tumbaku. Tangu alfajiri Baba alikuwa akipulizia dawa ya wadudu. Aliporudi alivua shati lililolowa, akalitupa juu ya gunia. Kadogo alipenda nguo za Baba. Alililalia, akaamka, akajilamba kama paka wote. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na maelezo yake. Aliamini paka wa nyumbani hudaka ubaya uliotumwa kwa mtu, na ubaya huo sharti uoshwe siku hiyohiyo. Akaagiza maji na sabuni ya mche. Baba, ambaye alimwita Mayu, yaani mama, alicheka.

“Mayu, huyo paka anakwenda harusi ya nani?”

“Cheka tu, mwanangu. Hiki alichokipokea ni chako.”

Alimwogesha mara tatu, akamviringisha kwenye kanga yake, kikabaki kichwa tu. Nikapewa nimpakate. Nilikaa naye mchana kutwa nikimtazama anavyopumua, nikiogopa kwamba nikigeuza macho ataacha. Jioni mtetemeko ulipungua. Kesho yake alikunywa maji.

Nilipokuwa mtu mzima nilimsimulia daktari wa mifugo mjini Tabora. Alisema dawa ile huingia kwa ngozi na kwa ulimi. Kadogo alibahatika, kwani wengi hufa wasipotibiwa, lakini kumwosha na kumzuia asijilambe kulimsaidia. Bibi alikuwa ameshafariki. Kuhusu uchawi alikosea. Ila hakumtaja jirani hata mmoja kuwa mchawi, na kwa hilo namshukuru zaidi kadiri ninavyozeeka.

Mwaka jana nilimweleza Baba maneno ya daktari. Nilidhani atacheka tena. Badala yake alisema kwamba msimu ule mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi chai inammwagikia, na hakumwambia mtu.

“Hata Bibi?”

“Mayu ndiye aliyekuwa akinishikia kikombe.”