Vinanda Vitatu, Kona Moja

Kwa majuma matatu mwalimu wa kinanda alikuwa hakai kitako. Akiketi alikumbuka daftari, akilifungua daftari aliinuka kuchungulia dirishani, na chai aliyoimimina asubuhi aliikuta mchana imejifunga utando. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyezoea kusikia noti zikipanda na kushuka kutwa nzima, alimuuliza kama alikuwa safarini.

Hakuwa safarini. Kinanda chake ndicho kilichokuwa kinaaga. Fundi wa kukaza nyuzi alikuja, akafungua mfuniko, akavigusa kimoja kimoja vile vigingi vya chuma vinavyozishika nyuzi, kisha akaufunga taratibu kama anayemfunika mgonjwa shuka.

"Mwalimu, nikikikaza leo, kesho kimelegea. Mbao imechoka, vigingi havishiki. Huyu mzee ameshaomba ruhusa, mpe tu."

Miaka ishirini na miwili alikuwa amefundishia kinanda hicho, katika chumba cha mbele chenye zulia, mapazia mazito na makochi mawili. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na wanafunzi. Siku hiyo alifuta vumbi juu ya kinanda, na kesho yake akaenda kutafuta kingine.

Alikipata mahali ambapo watu walienda kutafuta kabati na friji: ghala la vitu vilivyokwisha kutumika, nyuma ya soko la mbao. Mwenye ghala aliitwa Bwana Bawaba, kwa kuwa mdomo wake ulifunguka na kujifunga kutwa bila kutiwa mafuta. Alikuwa na vinanda vitatu vya kusimama, vyote vyeusi, vyote vya kiwanda kimoja, vilivyotoka katika shule moja iliyofungwa.

"Ni ndugu hawa," alisema Bwana Bawaba. "Baba mmoja, mama mmoja. Wanazidiana kimo tu, kama suruali."

Mwalimu alijua kwamba hiyo haikuwa habari ya suruali. Kinanda kikiwa kirefu, nyuzi zake za besi nazo huwa ndefu na ubao wa sauti mgongoni huwa mpana, na sauti hupata pa kunyoosha miguu. Kikiwa kifupi, noti za chini huongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Aliandika yote daftarini: kifupi, sentimita mia na kumi; cha kati, mia na ishirini na moja; kirefu, mia na thelathini na moja. Akaandika namba zilizogongwa ndani, hali ya nyundo, hali ya kanyagio. Kisha akafumba macho, kama alivyofanya maisha yake yote alipotaka kusikia, akapiga wimbo uleule katika vyote vitatu.

Kirefu kilishinda kwa mbali. Lakini mwalimu hakuwa mtu wa kufunga ndoa siku ya posa. Alisema atarudi.

Juma la pili alirudi, akafumba macho, akapiga. Kirefu kilikuwa kimefifia kama taa inayoishiwa mafuta. Na kile kifupi, cha kimo ambacho alikuwa amewaambia wanafunzi wengi kwamba hakiwezi kuimba, kiliimba. Besi yake ilimpanda mgongoni. Mwalimu alifumbua macho, akakitazama, akatoka bila kuaga, na Bwana Bawaba akabaki na sentensi yake nusu mdomoni.

Hapo ndipo utulivu ulipomkimbia kabisa. Kwa kuwa kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Tangu mvua za mwisho, sikio lake la kushoto lilikuwa na mluzi, mwembamba, kama birika la jirani linalokaribia kuchemka. Marehemu mama yake alianza hivyohivyo, na alimalizia miaka yake akitazama midomo ya watu. Na mwezi uliopita mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote, mama mmoja mpiga chapa mstaafu anayejifunza ili ajiburudishe uzeeni, alisimama katikati ya kipande, akageuka.

"Mwalimu, nimekosea pale. Hukunisikia?"

Mwalimu alikuwa amesema ndiyo, amesikia. Hakuwa amesikia.

Alimwambia mtu mmoja tu, naye ni mke wa kaka yake, fundi cherehani, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni hata akienda msibani.

"Wifi, nikienda mara ya tatu na sikio likanichagulia cha tatu, nafunga darasa," alisema, akikizungusha kikombe mezani bila kunywa. "Mwalimu asiyesikia ni mwizi."

"Na mimi nikishindwa kutunga uzi sindanoni je, nifunge duka? Nanunua miwani."

"Sikio halina miwani."

Wifi yake alikishika kikombe kisizunguke tena. "Basi tunaenda wote. Siwezi kukuacha ukahukumiwe na makabati peke yako."

Walienda Jumanne asubuhi, jua likiwa limejaa mlangoni. Bwana Bawaba aliwapokea kwa hotuba. Mwalimu hakumsikiliza, alipita kati ya majokofu na vitanda, akaketi, akafumba macho. Alipiga kimoja, akahama. Akapiga cha pili, akahama. Akapiga cha tatu, na mikono yake ikabaki juu ya vibao, haiondoki.

"Kipi?" aliuliza wifi yake.

"Cha kati." Alilifunga daftari. "Mara ya kwanza kirefu, mara ya pili kifupi, leo cha kati. Twende nyumbani, wifi."

Alikuwa ameshaufikia mlango alipogundua kwamba hakuna nyayo nyuma yake. Wifi yake alikuwa ameinama penye kinanda kifupi, kando ya mlima wa magodoro ya kuuza, futi mkononi, anapima sakafu.

"Bwana Bawaba," alisema bila kuinua kichwa, "hapa palikaa kinanda kipi?"

"Hapo? Kirefu. Mpaka Jumapili."

"Ndiyo maana. Alama ya vumbi ni pana kuliko hiki kifupi kilichopo sasa. Kwa nini umekihamisha?"

"Zamu, mama," alisema Bwana Bawaba, akashangaa kwamba kuna mtu duniani asiyejua. "Jua la mlangoni linapasua rangi. Kila Jumapili wanahama: wa mlangoni anakwenda kwenye kona, wa kwenye kona anakwenda magodoroni, wa magodoroni anakuja juani. Hakuna mtoto wa kuonewa hapa."

Wifi alijinyoosha, akaitazama ile kona. Kuta mbili za saruji tupu, sakafu tupu, na kinanda cha kati kikiwa kimeegemea humo kama bwana harusi.

"Juma la kwanza nani alikuwa kwenye kona?"

"Kirefu."

"La pili?"

"Kifupi. Kwani vipi?"

Wifi alimgeukia mwalimu, ambaye bado alikuwa ameshika komeo. "Wewe, rudi hapa. Dukani kwangu nina vioo viwili. Cha mlangoni, penye mwanga, nguo yoyote inampendeza yeyote. Cha chumbani hakijawahi kumpendeza mtu. Mteja akinunua kwenye kioo cha mlangoni ananirudishia kesho. Sasa, hukuona kwamba hivi vitu vimehama?"

Alikuwa ameona. Mtu haoni vipi kinanda kimehama? Lakini aliona kama mtu anavyoona viti vimebadilishana nafasi sebuleni. Yeye, aliyefundisha watu namna saruji inavyorudisha sauti na godoro linavyoimeza, alikuwa amefumba macho ili asikie, na katika kufumba macho akasahau pale alipokaa.

"Inawezekana," alisema polepole. "Au unanipaka asali tu, wifi."

"Sijawahi kukupaka kitu. Simama pale, utupe mgongo."

Mwalimu alisimama akiutazama ukuta. Nyuma yake alisikia viatu vya wifi vikizunguka makusudi, mara huku, mara kule, ili kumpoteza. Kisha noti moja.

"Kifupi. Magodoroni."

Noti nyingine.

"Kirefu, mlangoni."

Viatu vikazunguka tena, vikafika mbali, vikarudi. Noti.

"Kirefu hichohicho. Umebadilisha kidole tu, tena una kucha ndefu."

Bwana Bawaba alicheka hadi akakaa juu ya friji. Wifi hakucheka. Alipiga tena na tena, noti za juu kabisa, za chini kabisa, na kila mara mgongo ule ulijibu. Mara moja tu ulichelewa, kwenye noti ya juu kabisa, upande wa kulia, ambayo ni nyembamba kama sindano. Mwalimu aligeuza kichwa, akaisikiliza kwa sikio la kulia, ndipo akasema, "Cha kati."

"Sawa," alisema wifi yake. "Zote sawa."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Sikio lake halikuwa limemdanganya hata siku moja. Kila juma lilikuwa limemwambia ukweli, ila ukweli wa ukuta. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Mluzi ulikuwepo palepale.

"Bwana Bawaba, naomba kimoja kimoja vihamie magodoroni."

"Magodoroni? Mama, pale ni makaburini. Kwenye kona ndiyo—"

"Kwangu kuna zulia, mapazia na makochi. Sina kona ya saruji. Nataka kusikia watakavyoishi, si watakavyoposwa."

Wapagazi wawili walivisukuma, wakilalamika. Kwenye magodoro kifupi kilizama chote. Cha kati kilinong'ona. Kirefu kilipoa, kilipungua, lakini kila neno lake lilisikika mpaka mwisho.

"Hicho," alisema mwalimu.

"Kitaziba dirisha," alisema wifi. "Mapazia yale nilishona mimi, najua yanapoanzia."

"Hakikai dirishani. Kitaegemea ukuta wa jirani."

"Maskini jirani."

Kinanda kiliingia chumba cha mbele Alhamisi, kikasubiri siku kadhaa kizoee hewa, kisha fundi akakikaza, na safari hii hakumfunika mtu shuka. Siku iliyofuata alikuja mpiga chapa mstaafu. Alikizunguka kinanda, akakisifia, akaketi, akakunjua karatasi zake.

Mwalimu hakufumba macho. Alisimama upande wa kushoto wa mwanafunzi, ili sikio lake la kulia liwe karibu na vibao. Daftarini, chini ya vile vipimo vya sentimita, alikuwa ameandika siku ya kwenda kumwona daktari. Mluzi ulikuwepo. Alijua sasa mahali ulipokaa, naye akaupisha.

Mpiga chapa alifika mstari wa tatu.

"Hapo," alisema mwalimu. "Umekosea. Rudia."

"Nilidhani hutasikia," alisema yule mama, akarudia.