Mzigo wa Magwanda

Mtaani walimwita Mama Gwanda, maana cherehani yake haikushona kitu kingine ila magwanda ya askari. Kila mwezi alijitwika mzigo wake, akapita geti la kambi kifua mbele, na majirani wakasema mjane yule ana bahati, jeshi limemshika mkono. Ilikuwa kweli, ila si kwa namna waliyodhani. Akishakabidhi magwanda stoo, alizunguka nyuma hadi kwenye kliniki ambayo jeshi la hapo liliiendesha kwa ushirikiano na jeshi la nchi ya mbali. Wageni walipima damu na kufanya utafiti wao, na raia wa jirani walitibiwa sawa na askari. Nesi mwenye cheo cha sajenti alimpa dawa za kufubaza virusi. Naye alijaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie njiani, akalificha katikati ya vitambaa vipya, akarudi nyumbani.

Nyumbani kwenyewe palikuwa kwa mama mkwe. Mumewe alipokufa, ukoo mzima ulikubaliana kwamba kilichomuua ni kifua. Mama mkwe alisema wazi kuwa akija kusikia vinginevyo, mkwewe atafungasha virago na mjukuu atabaki. Mama huyo hakuwa na mzaha.

Basi ushirikiano ukavunjika. Wakubwa walikosana huko juu, wageni wakapakia mashine zao, na sajenti akawaita wagonjwa wake raia.

"Nimewakabidhi nyote hospitali ya mjini, mimi mwenyewe. Nendeni, mama zangu, msikae."

Hospitali ya mjini! Dirishani pale pa mapokezi alikaa wifi yake, dada wa marehemu, aliyejulikana kwa jina la Redio. Hakuwa mtu mbaya, mdomo tu haukuwa na breki. Mimba za watu alizitangaza kabla wenyewe hawajapata uhakika.

Mama Gwanda akaifikiria dawa kama fundi: kitambaa kikipungua, unabana. Leo alimeza, kesho akaacha. Baadaye akawa anaruka siku nyingi zaidi, na kila alipotazama kopo akajisifu moyoni kwa kuwa lilikuwa bado na kitu. Maskini, hakujua alichokuwa anakikata.

Kopo lilipokwisha alifunga magwanda makuukuu yaonekane mzigo wa kawaida, akaenda getini. Askari wa zamu alimzuia.

"Mama, kliniki haichukui tena raia. Rudi tu."

Alipiga magoti vumbini, akamshika yule kijana buti. Kijana akatazama pembeni.

Homa ikamwandama. Uzi ukawa hauingii tena kwenye tundu la sindano, na usiku alimtazama binti yake akilala, akalia mpaka mto ukalowa. Siku alipoangukia cherehani, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyetuma Redio aitwe.

Redio alimfikisha hospitali, akafunga mlango wa chumba cha daktari, akaketi karibu naye.

"Wifi, nimekungoja dirishani pale mpaka macho yakaniuma."

"Kuningoja kwa nini?"

"Sajenti alipotukabidhi watu wake, na wewe ulikuwemo. Dawa zako ziko kabatini tangu siku ile. Tumekula kiapo, siwezi kumfuata mgonjwa kwake kumwambia najua. Na kule nyumbani, mama je, anavyokaa pale mlangoni! Kila tukionana nilikuuliza, mbona huji kunitembelea kazini? Ukanuna."

Alikuwa amenuna kweli. Alidhani anachunguzwa.

"Na mama?"

"Hajui kitu. Si kutoka kwangu."

Daktari alikuja na majibu ya damu, akavuta kiti, akasema polepole kwamba dawa zile hazitamfaa tena. Kwa kuzirukaruka, virusi vimezizoea. Anahitaji za aina nyingine, nazo zilikuwa zikiletwa kambini na wale wageni tu.

"Na sasa?" Redio ndiye aliyeuliza.

"Tumeziomba. Tunasubiri."

Redio alisimama kwa hasira, akaenda kabatini, akarudi na makopo ambayo hayajafunguliwa, akayamwaga mapajani mwa wifi yake kana kwamba daktari angeyaona akabadili maneno. Mama Gwanda alishika moja. Halikuwa na pamba. Akalitikisa, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu zote zilizombakia. Vidonge vikalia chumba kizima, na hakuna aliyemwambia anyamaze.