Mbu Alivyomwimbisha Shemeji Yake

Kazini wanamwita Mbu, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Siku aliyoleta spika yake ya kwanza, ndogo kama punje ya mchele, mume wa dada yake, fundi mkuu wa maabara, aliijaribu kwa rekodi ya wimbo aliouimba mwenyewe. Ndiyo desturi ya pale: kila spika inapimwa kwa sauti ya shemeji, maana anajiona kameza asali. Spika ikalia nzziii. Shemeji akajipiga kofi shingoni: "Jamani, mbu!" Bosi akacheka mpaka miwani ikadondoka.

Tangu hapo Mbu akikatiza koridoni ni makofi ya shingoni tu, pa! pa! Hata mlinzi wa getini. Hata mama yake, kwenye simu: "Mbu wangu, umekula?"

Mama mzazi! Hapo ndipo alipoapa kumkomesha shemeji.

Ila kasoro kweli ilikuwepo. Ndani ya spika kuna utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kando yake sahani ya chuma yenye matundu. Umeme ukiingia, sahani inauvuta utando, unatikisika, sauti inatoka. Shida, utando ukisogea karibu mvuto unakuwa mkali, ukirudi nyuma unalegea, basi sauti inapinda. Akaweka sahani ya pili upande wa pili, ziuvute kwa zamu. Tando kibao zilinasa kwenye sahani. Kila akibandua mmoja anamtaja shemeji, na si kwa mema.

Mwisho ikatulia. Ngoma safi, filimbi safi. Akaweka wimbo wa shemeji: nzziii, palepale juu kwenye kiitikio.

Akatabasamu vibaya sana. Spika anazounda shemeji hazifiki sauti ya juu hivyo, ndiyo maana hazikuwahi kumchongea.

Siku ya bosi kuchagua spika ya kuingia kwenye vifaa vya wasiosikia vizuri, ya Mbu au ya shemeji, Mbu aliwawekea kwanza kicheko cha mtoto. Safi kabisa, watu wakageuka kumtafuta mtoto. Kisha wimbo. Nzziii!

Shemeji kiganja tayari shingoni. "Si nilisema? Huyu mbu hafi!"

"Shemeji, hebu kiimbe hicho kiitikio mwenyewe, tulinganishe."

"Mimi tena? Hapa?"

"Imba bwana," bosi akasema.

Akakohoa, akavuta pumzi, akaimba. Nzziii.

Halafu bosi, taratibu, akajipiga kofi shingoni. Pa!

Spika ya Mbu ikapita. Jioni dada yake akapiga simu. "Wewe, umemfanya nini mume wangu?"

"Kwani vipi?"

"Ameoga kimya! Tangu anioe sijawahi kuona." Akashusha sauti. "Asante, mdogo wangu."

Huruma? Hana. Kila asubuhi anapita mezani kwa shemeji: "Shemeji langu, tupimie spika kidogo?" Mama tu ndiye bado anamwita Mbu; huyo ameshindikana.

Haya, na wewe ulibandikwa jina gani, na aliyekubandika ulimlipaje? Shusha kisa chako hapo chini. Wenye mashemeji waanze.