Mkwezi Aliyepanda Kimya

Mkwezi akitaka kupanda mnazi, kwanza hupaza sauti. Kutoka kule juu anaona nyua zote, na sisi wanawake tunaoga uani, nyuma ya makuti, bila paa. Akiita, tunajifunga leso. Hata mtoto mdogo wa hapa kwetu Palma anajua hilo. Tulikuwa tumemwagiza Atumane aje kuangua nazi zetu siku atakayopata nafasi. Sasa fikiria: nina povu kichwani, nainua macho, namkuta amekaa juu ya mnazi wangu, kimya, panga mkononi.

Nilimtukana yeye na ukoo wake wote. Mume wangu Nurdine akatoka na mchi, akaanza kuupiga mnazi.

"Shuka, mshenzi! Unamchungulia mke wangu?"

Atumane alishuka mbiombio. Alipogusa chini akalipunga panga kulia na kushoto, macho yamemtoka, wala hamtazami mtu. Likamchana Nurdine mkono hadi mfupa ukaonekana. Damu iliruka mpaka kwenye leso yangu. Halafu akalitupa panga, akajikunja penye ukuta, ameshika kifua, anahema kama aliyetolewa majini.

"Nakufa," alisema. "Moyo unapasuka."

Vijana wa mtaa wakaja na fimbo, wakamchapa hivyo hivyo alivyojikunja. Walimvunja meno. Wangemmaliza kama Fátima, mkewe, asingejilaza juu yake, naye akapigwa. Leso ilipomdondoka kichwani, nikaona jicho limevimba, na shingoni alama za vidole. Hizo hazikuwa za fimbo, wala za siku ile.

"Nani kakufanya hivi?"

"Yeye. Lakini akiwa usingizini, dada. Nikimgusa tu kumwamsha, ananikaba. Akizinduka, analia."

Nilitaka kumzaba kofi kwa kunyamaza kwake. Ndipo akasema yote. Zamani walikuwa wakiishi upande wa Mbau. Asubuhi moja Atumane aliita kama desturi, akapanda, na mdogo wake Abacar akabaki chini kuokota nazi. Wenye bunduki walikuwa wakipita karibu, wakaifuata ile sauti. Walimkata Abacar kichwa pale shinani, na kaka yake huko juu anauma kuti asije akapiga kelele. Tangu hapo haiti tena. Pikipiki ikinguruma, mikono inamtetemeka na jasho linamtoka. Chakula kinamkwama kooni. Analala ameketi, ameegemeza mgongo mlangoni. Walidhani ni jini, wakampa kombe, maji yaliyooshewa aya, anywe, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Sisemi uongo, hasira yangu haikuisha kwa kusikia hayo. Mume wangu alikuwa anashonwa mkono! Lakini pale pale kwenye kituo cha afya Atumane naye alilazwa, na Márcia, anayetibu maradhi ya akili, akamgeukia Fátima.

"Mlikuwa mnangoja nini?"

"Doutora, tulijua hospitali ni ya homa na majeraha."

"Huu nao ni ugonjwa, na unatibika. Hofu ikimnyang'anya mtu usingizi na kazi, mlete. Ikifika mikononi mwake, akakukaba, ukaogopa kulala naye, usingoje hata kesho. Kombe anywe, sikatazi, ila na kwangu aje. Na wewe usirudi kulala kule."

Basi Fátima akahamia kwangu. Nurdine alinuna kwa sababu mke wa mtu aliyemkata anakula chakula chake. Nikamwambia anune huku anakula. Atumane akawa anakwenda kwa Márcia kila juma, kumeza vidonge na kuzungumza. Mara ya kwanza alikatisha maneno akatoka mbio. Fátima alimfuata barabarani, akasimama mbali kidogo bila kumgusa, mpaka akarudi ndani mwenyewe.

Miezi ikapita. Asubuhi moja naoga, nikasikia sauti iliyokwaruza, inakatikakatika njiani.

"Mkwezi! Mkwezi anapanda! Jisitirini!"

Nilijifunga leso nikalia, sabuni machoni. Fátima alikuwa anamenya muhogo. Mpaka leo kulala bado analala kwangu, lakini pale aliweka kisu chini, akachukua tenga, akatoka. Nilipochungulia nilimwona amesimama shinani, mahali pa Abacar. Juu, Atumane ameshika panga, hakati.

"Angua," Fátima akamwambia. "Nipo."