Karanga za Trezo

Kiangazi kile kilikuwa na harufu mbili, na upepo wa ziwa ulizichanganya bila kutuuliza: ndagala za mama, vile visamaki vidogo vya kuuza, zikikauka upande wa kulia wa ua wetu hapa Kalemie, na suruali za Trezo zikikauka upande wa kushoto. Suruali zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili kila jioni, kwani mimi ndiye niliyezifua, na mtu hasahau idadi ya kitu kilichomchubua vidole. Nilikuwa na miaka tisa. Trezo, mdogo wangu, alikuwa na miaka miwili na nusu, na kwa maoni yake dunia nzima ilikuwa choo.

Sikuwa na haraka naye mpaka jirani yetu Mama Zaina, msuka mikeka, alipotoa masharti. Shule ingefunguliwa Septemba, mama alishinda sokoni, na ni Mama Zaina peke yake aliyekubali kumlea Trezo mchana. "Mutoto akikuya mukavu, namuchunga," alimwambia mama. "Akilowesha mukeka yangu hata moja, namurudisha kwenu." Mama akanigeukia mimi. Nilielewa. Trezo akirudishwa, wa kukaa naye nyumbani ni mimi, na nafasi yangu kwenye benchi la darasa angeikalia mwingine.

Mama alinunua po, chombo cha mtoto kukalia akikojoa, ya plastiki ya kijani, yenye mkono mmoja kama kikombe cha jitu. Trezo aliivaa kichwani siku tatu. Nilimpigia mluzi mwembamba, kama mama zetu wanavyowapigia watoto ili mkojo ushuke. Naye akakaa, akausikiliza mpaka mwisho, akanipigia makofi, kisha akaenda kukojoa nyuma ya mtungi. Ndipo nikafungua biashara: ukikojoa ndani ya po, karanga moja. Siku ya kwanza alipata mbili. Siku ya pili, nne. Siku ya tatu alipata tisa kabla ya saa sita, nami nikashuku, maana maji aliyokunywa nilikuwa nimeyahesabu pia. Nikamchungulia. Alikuwa anakojoa kidogo, anajikaza, anasimama, anadai karanga, anatafuna, kisha anakaa tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sikujua kwamba methali ile ilitungwa kwa ajili ya mdogo wangu.

Nikabadilisha bei. Suruali ikiwa kavu toka asubuhi hadi adhuhuri, karanga tano kwa mpigo, ikilowa, hakuna. Alilia, akalala chini, akaniita "Yaya mubaya", yaya kwetu ni ndugu mkubwa, kisha akanyoosha vidole vyote vya mikono miwili. Tukakubaliana sita. Biashara haigombi. Kufikia mwisho wa Agosti, kwenye kamba kulikuwa na suruali mbili tu. Nilihesabu tena. Mbili.

Siku ya kujaribiwa, Mama Zaina alimkalisha juu ya mkeka mpya, mwekundu na mweusi, nami nikasimama mlangoni nikiwa nimebana miguu kana kwamba kibofu kilikuwa changu. Jua lilikaribia utosini. Ghafla Trezo akasimama, uso umemkunjamana, akatoka mbio bila kuaga. "Aaa, njo ile, ameshalowesha!" akasema Mama Zaina, akiukagua mkeka wake. Ulikuwa mkavu. Kabla sijamfuata, Trezo alikuwa amesharudi, tumbo mbele, hatua moja moja, ameshika po kwa mikono miwili. Akaitua katikati ya mkeka bila kumwaga hata tone, akamnyooshea Mama Zaina kiganja. "Karanga."

Mama Zaina alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Huyu hakukuya kulelewa, alikuya kufanya soko!" Akamlipa. Jumatatu nilikuwa kwenye benchi langu.

Leo binti yangu ana po inayopiga muziki. Nilipoinunua niliishusha bei mara tatu, na bado anakataa kuikalia. Nepi zake ni za kutupa, vidole vyangu vizima, na kwa jirani ninachokijua vizuri ni ukuta wake. Juzi nilimpigia simu Trezo, ambaye sasa anauza vitenge kutoka Kigoma, nikamlalamikia.

"Yaya, unamupa karanga ngapi?"

"Moja."

Akasema kwa sauti ya mtu anayesikitikia ndugu aliyefilisika: "Njo maana hakojoi. Bei yako iko chini sana."

Nikaenda jikoni, nikahesabu karanga sita. Nikazihesabu tena, nikarudisha moja, ili naye apate la kudai.