Chumba Chenye Meko Stesheni

Harufu ya mbao za reli zilizopakwa lami, zikilowa mvua, hunifanya nisimame nitafute pa kwenda hata leo. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mkuu wa stesheni ndogo ya reli karibu na Nyeri, nasi tuliishi hatua chache tu kutoka relini. Masika hayo mvua iling'oa reli upande wa Nanyuki, na garimoshi la abiria likakwama kwetu. Hakuna aliyetulia. Wanaume walitembea jukwaani huku na huko wakichungulia mlima uliofichwa na ukungu, Baba akiinua simu kila baada ya dakika chache na kuirudisha, nami nikimfuata kama kivuli.

Jengo la stesheni lilikuwa la mawe ya kijivu, lenye paa jekundu la mabati na upenu mpana. Baba aliwahi kunieleza kwamba wakoloni walilichora hivyo makusudi. Chumba cha kwanza, chenye meko ya mawe na bomba la moshi, kilikuwa cha Wazungu. Cha pili, chenye mabenchi matupu, kilikuwa cha Wahindi. Mwafrika hakuchorewa chumba. Alingoja nje, chini ya upenu. Uhuru ulipokuja vibao vya kubagua rangi viling'olewa, lakini chumba chenye meko kikabaki na kufuli, sasa kwa ajili ya wakubwa wa reli, waliopita labda mara moja kwa mwaka.

Siku ya pili baridi ilizidi. Nyumba yetu ilikuwa imejaa abiria wazee, na chumba cha mabenchi hakikuwa na pa kuweka mguu. Chini ya upenu alisimama mama mmoja wa Timau, amembeba mtoto mchanga aliyekuwa akitoka naye hospitali. "Hajanyonya tangu asubuhi," alimwambia kila aliyepita, "na miguu yake imekuwa baridi sana." Hapo ndipo alipofika Cucu, mamake Baba, akitoka Tetu na mtungi wa maziwa. Alimtazama yule mtoto, kisha akamgeukia Baba.

"Mwangi, hiyo chumba iko na meko. Mbona imefungwa?"

"Si mimi, Mama. Ni amri. Tungoje simu ya ofisi. Mvumilivu hula mbivu."

"Ngojangoja huumiza matumbo," Cucu alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nilisimama hapa na dada yako mkubwa kwa mgongo. Moto nilikuwa naona kwa dirisha. Garimoshi ikifika, alikuwa amekufa. Leo ni wewe uko na funguo."

Baba hakuwa amewahi kusikia kwamba alikuwa na dada. Alitoa funguo mfukoni, maji yakimtiririka kofiani, akafungua. Tulivunja masanduku ya ghala tukawasha moto, na kabla ya jioni yule mtoto alikuwa akilia kwa nguvu hadi watu wakacheka. Baba mwenyewe aliandika alichofanya katika kitabu cha stesheni. Haukupita mwezi akahamishwa mbali, akawe karani wa ghala, nasi tukapanga chumba mtaa wa Majengo, mjini Nyeri. Tulimwona Krismasi kwa Krismasi. Kwa miaka mingi nilimkasirikia Cucu kimoyomoyo.

Mwaka jana nilipita stesheni ile na binti yangu. Milango yote iko wazi. Vijana wamejaa katika kile chumba, simu mkononi, na hakuna aingiaye akijiuliza kama anaruhusiwa. Binti yangu aliingia akaketi kama aliyefika kwao. Nilifurahi, lakini sikuweza kuketi. Jioni nilikwenda kwa Baba, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo, nikamuuliza kama aliwahi kujuta kupoteza cheo chake kwa sababu ya moto wa siku moja.

"Kufungua sijuti," alisema, akitazama mikono yake. "Lakini huyo mama wa Timau alifika na mtoto jana yake. Nilimwona, na funguo nilikuwa nazo."